Kitabu cha Mama Fisi

Kofia ililetwa Jumamosi asubuhi, imefungwa kwenye gazeti kama nyama. Kinyozi aliiazima kwa mpiga picha wa jirani, yule ambaye studio yake ina pazia lenye maporomoko ya maji na farasi wa mbao wa watoto kukalia. Ilikuwa kofia pana ya rangi ya udongo, ya kuvaliwa na mtu anayetaka kuonekana katoka porini, na kwa ndani ilinuka mafuta ya nywele ya kila aliyewahi kutaka kuonekana hivyo.

"Jaribu basi," akamwambia mkewe.

Mkewe akaivaa. Ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Akajitazama kwenye kioo kikubwa cha wateja, akageuka huku, akageuka kule.

"Nimekuwa uyoga," akasema.

"Umependeza, mama! Umekuwa kama wa kwenye vitabu!" Binti yao akaruka juu, akapiga makofi, akaipinda kofia upande mmoja, akarudi nyuma kuitazama. Huyu ndiye mtoto wao wa pekee, yuko darasa la tano, na mtaa mzima unamwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusoma hajawahi kusoma kimya. Husoma kwa sauti hata maandishi ya kwenye boksi la sabuni. Lakini vitabu vyake hasa, vile anavyolala navyo, ni vya watu wanaochunguza wanyama wa porini: yule bwana aliyewatambua pundamilia wake kwa mistari yao, yule bibi aliyepanda majabali akiwafuata tai, yule mzee wa nyoka. Wote wana kofia. Wote wana darubini shingoni na gari lisilo na milango. Hakuna hata mmoja aliyechorwa akiwa na ndoo ya plastiki na chekeche la unga.

Na ndoo na chekeche ndivyo vyombo vya kazi vya mama yake. Mke wa kinyozi ni mtafiti wa fisi. Kila wiki hupanda baiskeli mpaka kwenye vilima vya nyuma ya machinjio, huokota kinyesi cha fisi na kukitia kwenye makopo, kisha hurudi kukiosha ndooni, kukichuja na kuzianika nywele zinazobaki. Mwisho huziweka chini ya hadubini ajue fisi kamla nani. Kazi hiyo huifanyia ndani ya kibanda cha kinyozi, kwenye meza ya nyuma penye dirisha kubwa, maana nyumbani kwao mwanga wenyewe wa kugombania. Watu wanamwita Mama Fisi. Wenye midomo michafu wana jina jingine, nami silitaji kwa sababu linanuka.

Mhariri wa vitabu vya watoto alipopiga simu kwamba wanataka kutoa kitabu kuhusu kazi yake, kinyozi alimwacha mteja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, akatoka mbio kuwatangazia majirani. Kichwa kilimvimba siku hiyo, na acha kivimbe! Lakini simu ya pili haikuwa tamu kama ya kwanza. Mhariri angekuja na mchoraji Jumamosi, na alikuwa na maombi mawili matatu. Mtafiti avae kofia. Ashike darubini. Na ikiwezekana, kidogo tu, pawe na simba.

"Watoto wanapenda simba, dada," alisema kwa sauti ya upole. "Fisi tutamweka pembeni. Na hayo mambo ya kinyesi tuyaguse kwa mbali."

Kinyozi alitarajia mkewe atakataa. Anamjua, si mtu wa kuburuzwa. Lakini alikubali, na usiku ule alimweleza sababu. Wiki iliyopita mwalimu wa Kasuku alimsimamisha barabarani mbele za watu, akamwamkia kwa heshima zote, akamwuliza, "Daktari, ng'ombe wangu anakohoa sana, nimpe nini?" Ndipo alipojua. Darasani, katika shule ya mtaa wa pili ambako jina la Mama Fisi halijafika, walipoulizwa kazi za wazazi, Kasuku alisema mama yake ni daktari wa ng'ombe.

"Ukamjibu nini?" kinyozi aliuliza.

"Nikamwambia amtafute bwana mifugo. Ningesema nini tena? Nitaivaa hiyo kofia, Baba Kasuku. Simba nitamshika hata mkia. Mwanangu akiniona kitabuni kama wenzangu wale, labda ataacha kunificha."

Kesho yake ndiyo kinyozi akaenda kuazima kofia.

Basi Jumamosi yenyewe, kibanda kilikuwa kimefurika. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na kila mzazi alikumbuka siku hiyo hiyo kwamba mwanawe ana kichaka kichwani. Watoto walijaa kwenye benchi, wakajaa sakafuni, wakapeana zamu na kunyang'anyana zamu. Kinyozi alinyoa, akapuliza poda, akakung'uta kitambaa, akaita mwingine. Nywele zilikuwa zimetapakaa miguuni pake, hata pa kufagia hapakuwepo.

Kule nyuma mkewe alikuwa ameomba kitambaa kimoja cheupe, kisafi, akakitandika mezani na kupanga juu yake nywele alizozichuja wiki nzima. Hizo zilitoka kwenye kinyesi cha Kiwete. Kiwete ni fisi jike mwenye miguu mitatu, na wafugaji wa vilimani wanaapa kwamba ndiye anayewamalizia mbuzi. Wameshaanza kuzungumzia sumu. Alichokula Kiwete kilikuwa kimelala juu ya kitambaa kile, vishada vidogo vidogo, na mchoraji akifika angalau angekiona. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, inasubiri.

Akaletwa mtoto mchanga wa kunyolewa kwa mara ya kwanza. Lo! Yule mtoto alilia utadhani anachunwa ngozi. Kamasi zilimtoka, akajikojolea, akakilowesha kitambaa chapachapa. Alipokwisha kunyolewa mama yake akamwondoa kwa aibu, na mteja mwingine akakalia kiti. Kinyozi akakitupa kile kitambaa kwenye beseni, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama anavyofanya siku zote anapohitaji kingine. Vidole vikagusa kitambaa. Mkono ukakivuta. Mikono yote miwili ikakishika ncha, na kabla kichwa chake hakijajua lolote, ikakikung'uta hewani kwa nguvu.

Pwaa!

Vishada vya wiki nzima vikaruka, vikaelea kidogo kwenye mwanga wa dirisha, vikashuka taratibu juu ya nywele za watoto wa mtaa mzima.

"Baba Kasuku," mkewe akasema polepole. "Umefanya nini?"

Kinyozi akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Miaka yote aliyoshika mashine, mikono ile haijawahi kukiona kitambaa chenye nywele ikakiacha, na leo imemuumbua.

"Nitaziokota," akasema, akapiga magoti pale pale. "Mke wangu, nitaziokota zote."

"Utaziokota vipi? Sakafu nzima ni nywele! Nikizipeleka hizi kwenye hadubini, fisi wangu atakuwa amekula mtaa mzima!"

Mtoto mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. Wenzake wakamfuata. Mkewe hakucheka. Alisogea kwenye ukuta, akaiondoa kofia msumarini, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Basi," akasema. "Imebaki kofia."

Kinyozi alitamani sakafu ifunguke immeze. Amemsikia mkewe akitukanwa na wachunga mbuzi akanyamaza, amemwona akirudi amenyeshewa akacheka, lakini sauti ile hakuwa amewahi kuisikia. Mlangoni Kasuku alisimama ameshika kitabu chake cha tai kifuani, macho yamemtoka.

Yule mtoto aliyecheka, kibonge mmoja mwenye pengo, akainama, akaokota nywele moja na kuiinua.

"Kwani nywele ya mbuzi ikoje?" akauliza.

Mama Fisi akamgeukia. Kinyozi ananiambia kwamba katika kibanda kile, ambamo watu wamemtania mkewe kwa kila namna, wakamwuliza na yeye kinyozi kama utafiti wa fisi ulianzia kwake nyumbani, hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza swali lile.

"Lete hapa dirishani," akasema. "Tazama ncha yake. Unaiona? Imekatika butu. Hii imepitiwa na mashine ya Baba Kasuku. Halafu imejikunja. Hii ni ya mwenzako." Akapekua sakafuni kwa kidole, akapata nyingine. "Sasa tazama hii. Imenyooka, na ncha yake imechongoka, imekuwa nyembamba mpaka ikaisha. Hii haijawahi kuiona mashine tangu izaliwe. Hii imepita tumboni mwa fisi."

"Imepita tumboni ikatoka huku?" Kibonge akajishika makalio.

"Ikatoka huko huko."

Kibanda kilipasuka kwa kelele. Hapakuwa na zamu tena. Kila mtoto alitaka nywele iliyopita tumboni mwa fisi. Wakashuka kwenye benchi, wakapiga magoti, wakaanza kupekua, na Mama Fisi akiwa katikati yao anapokea, anachungulia, anasema ndiyo, anasema hapana, anasema rudia tena. Kioo chake cha kukuzia kikazunguka mkono kwa mkono. Kibonge aliuliza wapi aweke zilizopatikana, na mtafiti, bila hata kufikiri, akamgeuzia kofia juu chini.

"Humu."

Kinyozi naye alikuwa magotini, mteja wake kakaa kitini na nusu kichwa. Ndipo alipowasikia wasichana wawili, wenzake Kasuku darasani, wakimwuliza mlangoni, "Kumbe mama yako si daktari wa ng'ombe?" Kasuku alikitia kitabu kwapani, akatazama chini. Baadaye kidogo kinyozi akamwona naye amechuchumaa peke yake pembeni, anapekua, lakini uso umemshuka na hataki kutazamwa.

Mhariri alifika na viatu vyeupe na manukato. Alisimama kizingitini na mchoraji wake, kijana mrefu mwenye mkoba wa karatasi, na kitu cha kwanza kuwapokea kilikuwa safu ya makalio.

"Samahani," akasema. "Tunamtafuta mtafiti wa wanyama wa porini."

Kinyozi akainuka mbiombio, magoti yamejaa nywele. "Karibuni, karibuni sana! Yupo. Ndiye yule... yule wa chini."

Mhariri akatazama. Akaiona kofia mikononi mwa Kibonge.

"Na hiyo kofia ina nini ndani?"

"Nywele!" Kibonge akamsogezea puani. "Zimetoka kwenye kinyesi cha fisi! Nusa!"

Mhariri akarudi nyuma hatua, mkono mdomoni. Mchoraji yeye alikuwa ameshakaa kwenye ngazi ya mlango na penseli yake inakimbia.

"Dada, si tulikubaliana?" mhariri akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa juu yake, na safari ilikuwa ndefu. "Nilidhani tutakukuta umejiandaa. Hivi kweli nikawaambie nini ofisini? Kwamba mtafiti wetu nimemkuta anatambaa kwenye kibanda cha kunyolea?"

Mama Fisi akasimama, akajipangusa sketi. "Tulikubaliana, ni kweli. Ajali imetokea tu." Akanyoosha mkono kwa Kibonge. "Nipe kofia, mwanangu. Dada, niwie radhi, naivaa sasa hivi. Huyo simba mtamchora upande gani?"

Kinyozi alimwona mkewe anaipokea kofia, anatafuta pa kuzimwaga zile nywele ambazo watoto wamezikusanya moja moja. Alitaka kupiga kelele asizimwage. Lakini aliyeharibu ni yeye, angeanzia wapi?

"Mama, ngoja."

Kasuku alikuwa amesimama pembeni na kioo cha kukuzia mkononi, ameshika nywele moja kati ya vidole.

"Hii siielewi," akasema. "Imejikunja kama zetu. Lakini ncha yake imechongoka, haijakatwa. Ni ya nani?"

Mama yake akaiweka kofia mezani, akaichukua ile nywele akaipeleka kwenye mwanga. Akaitazama sana.

"Si ya mbuzi," akasema. "Wala si ya mnyama yeyote ninayemjua. Ni ya mtu. Lakini mtu gani ambaye hajawahi..." Akakwama.

Kasuku akatazama kiti cha kunyolea, akatazama beseni lenye kitambaa kilicholoweshwa, na kinyozi akaliona wazo linavyomwingia binti yake usoni.

"Ni ya yule mtoto aliyelia!" Kasuku akasema. "Leo ndiyo kanyolewa mara ya kwanza! Hiyo ncha amezaliwa nayo!"

Mama yake akabaki mdomo wazi. Kisha akacheka kicheko ambacho kinyozi hakuwa amekisikia siku nyingi. "Mimi nisingeliwaza hilo. Jamani! Nisingeliwaza hata kidogo!"

"Nani kakufundisha hayo?" mhariri akauliza.

Kasuku akawatazama wale wenzake wawili wa darasani. Akaitazama kofia. Kisha akainua kidevu na kusema kwa sauti ileile anayosomea vitabu, sauti inayosikika mpaka nyumba ya tatu.

"Mama yangu. Si daktari wa ng'ombe, niliwadanganya. Mama yangu ni mtafiti wa fisi, na anasoma kinyesi chao." Akamgeukia mama yake. "Usizimwage, mama. Hiyo kofia ina kazi."

Hakuna aliyecheka. Mama Fisi aliweka mkono kichwani pa binti yake akauacha hapo, na kinyozi akageukia kioo akajifanya anatafuta chanuo, maana machozi yalikuwa yameshamfika.

Mhariri alimwangalia mchoraji, aliyekuwa amejaza karatasi ya tatu bila kuinua uso. Halafu akaomba gazeti, lile lililofungiwa kofia, akalitandaza sakafuni, akapiga magoti na viatu vyake vyeupe.

"Nionyesheni na mimi hiyo ya mbuzi," akasema. Kibonge akamwonyesha kwa majivuno kama aliyeianzisha fani. Baada ya muda mhariri akasema, akiwa bado ameinama, "Wakubwa wangu watanitafuna kwa hili."

"Wacha wakutafune," kinyozi akamjibu. "Mke wangu atachunguza watakachotoa."

Jioni ile Mama Fisi alikaa kwenye hadubini yake mpaka dirisha likaingia kiza. Nywele za mbuzi zilikuwa chache za kuhesabika. Nyingi zilikuwa za ng'ombe, mabaki ya machinjioni yanayotupwa vilimani. Alipowapelekea wafugaji habari hiyo, wengine waliamini na wengine walimwambia amrudishie mumewe nywele zake. Lakini sumu haikuwekwa, na Kiwete bado anachechemea huko na wanawe.

Kitabu kilichukua muda mpaka wakakikatia tamaa. Kilipokuja, kinyozi alilifungua boksi kwa wembe, akakaa kitini kwake, kile cha wateja, asianguke.

Jaladani kuna mwanamke kapiga magoti sakafuni, amezungukwa na watoto. Kichwani hana kitu. Kofia imeshikwa na kibonge mwenye pengo, juu chini. Nyuma yao, dirishani, anachungulia fisi mwenye miguu mitatu. Simba hayumo, si mwanzoni wala mwishoni. Na katikati kuna ukurasa wa mwanamume mwenye kitambaa cheupe kilichoinuliwa hewani, mdomo umemwanguka, na chini yake pameandikwa kwamba bila mtu huyu wasingegundua lolote. Kinyozi anasema mchoraji kamwongezea kitambi. Hata hivyo ukurasa huo ameshauonyesha kila mteja, wakiwemo walioingia kuuliza njia tu.

Kasuku alikipeleka kitabu shuleni siku iliyofuata, akarudi mikono mitupu.

"Kiko wapi?" mama yake akamwuliza.

"Wanakigombania. Mwalimu ameweka zamu." Akatupa begi chini. "Ameniuliza kama wewe ndiye uliyemwambia kuhusu bwana mifugo. Nikamwambia ndiyo. Anasema ng'ombe amepona."

Jumamosi iliyofuata kinyozi alifungua kibanda akakuta foleni imeshapita duka la jirani. Alifurahi, akawasha mashine. Kisha akawatazama vizuri. Vichwa vyao vyote vilikuwa vimenyolewa tayari. Mmoja ameshika boksi la kiberiti, mwingine jani lililokunjwa, mwingine mfuko wa plastiki uliofungwa fundo kwa uangalifu mkubwa. Mbele kabisa alikuwa Kibonge na kopo.

"Tunamtaka mtafiti," Kibonge akasema. "Hiki cha kwangu hakijulikani ni cha nani."

Kinyozi ni mtu wa usafi. Hapendi uchafu, hapendi harufu, na nzi mmoja tu kibandani humkosesha raha. Aliwatazama wale watoto, akageuka, akafungua kabati. Akatoa kitambaa kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani, ambacho alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya wateja wanaokwenda kufunga ndoa. Akakitandika kwenye meza ya nyuma, chini ya dirisha, akakinyoosha kila pembe.

"Kinyozi, na mimi je?" mteja mmoja mtu mzima akalalamika. "Nilitangulia."

"Subiri, mzee wangu. Watafiti kwanza." Akapaza sauti kwa fahari, mpaka kwa mpiga picha wakamsikia. "Mama Fisi! Toka, una wageni!"

Mkewe akatoka uani na ndoo yake, Kasuku nyuma yake na chekeche. Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakaweka mizigo yao juu ya kitambaa cheupe. Kinyozi akasogea karibu kuona. Kona moja ilikuwa imejikunja kidogo, akainama ainyooshe, akashika ncha hii, akashika na ile.

"Baba!" Kasuku akapiga ukelele. "Mikono!"

Kinyozi akaiachia ghafla, akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo, akasimama wima pale pembeni kama mwanafunzi, akitabasamu.